Mafuta Juu ya Maji ya Udhu

Nyumba yetu ya mtaa wa Kuze ilishikana ukuta na msikiti mdogo, na baba yangu ndiye aliyekuwa imamu wake na mwalimu wa chuo chake cha Kurani. Dirisha la chumba changu cha ghorofani lilitazama chini kwenye birika walimotilia watu udhu. Wakati huo nilikuwa mwari, nimewekwa ndani nikingoja kuposwa, na dirisha lile ndilo lililokuwa dunia yangu. Mtu akija kusali nilimjua kwa kikohozi chake kabla sijauona uso wake. Mama yangu alikuwa amekwisha kufariki kwa homa nilipokuwa mdogo. Aliyenilea ni nyanya, mama yake baba, bibi mwenye maneno machache na masikio makali.

Asubuhi moja, nikiwa dirishani nachambua mchele, nilimwona bwana afya wa serikali akiingia ua wa msikiti. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye kofia ya jua. Nyuma yake alifuata karani wa Kigoa, na nyuma ya karani mchukuzi aliyebeba debe. Kilichonishtua kwanza hakikuwa debe. Yule Mzungu aliketi kizingitini, akafungua nyuzi za viatu vyake, akavivua na kuviweka nje, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuelezwa. Nikajiuliza ni nani aliyemweleza.

Mchukuzi akatua debe, akamimina mafuta ya taa ndani ya birika. Kisha wakapita mlango wa pembeni wakaja uani kwetu, wakamimina na kisimani. Harufu ilipanda ngazi ikaingia mpaka kwenye mchele niliokuwa nimeushika.

Watu wakakusanyika. Karani alijaribu kuwaeleza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Ni sababu ya mbu," alisema. "Watoto wa mbu wanakaa majini. Mafuta yakikaa juu, hawapati pumzi, wanakufa. Mbu wakiisha, homa itapungua."

"Mbu!" nyanya alisema nyuma yangu. "Nimeumwa na mbu tangu kuzaliwa. Lau homa yaletwa na mbu, mie ningekuwa kaburini kabla ya kuota meno."

Chini, jirani yetu muuza leso alikuwa amekwisha kushika maneno. Alikuwa mzee wa ukoo wa Kiarabu wa zamani mjini, mwenye duka mtaa wa nguo, na mahali pake pa kusali palikuwa safu ya kwanza, nyuma ya baba moja kwa moja. Watu walimsikiliza.

"Kule Ganjoni, nje ya mji, kuna majani na madimbwi, mbu ndio kwao," alisema. "Mbona debe halikupelekwa huko? Limeletwa msikitini. Leo watia mafuta birikani. Kesho watatwambia visima vibovu, tuvifunge. Kisha watatuuzia maji ya bomba."

"Na udhu?" mmoja akauliza. "Wataka sala zetu zibatilike, hilo ndilo walitakalo."

Baba alitoka chuoni akiwa na kalamu ya mwanzi mkononi. Hakugombana na mtu. Aliinua uso dirishani akasema, "Mama, niletee bakuli jeupe." Ndivyo alivyoniita siku zote, mama. Nyanya akalishusha bakuli, nami nikabaki kuchungulia.

Baba alichota maji, akayatazama mwangani, akayapuliza mafuta yakakimbilia ukingoni. Akanusa. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Kisha akawaeleza watu kama alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi. Kitu kikiingia majini kikachanganyika nayo hata yasiitwe tena maji, kama maziwa au siki, basi maji hayo hayafai kwa udhu. Lakini mafuta hayachanganyiki. Hukaa kando yake. Yakiacha harufu tu, maji hubaki ni maji, na twahara yake i pale pale.

"Yafaa," alisema. "Tieni udhu, msiwe na wasiwasi."

Muuza leso alilitazama lile bakuli. Kisha akasema, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, mimi nikija kukuuliza suala dogo la mirathi, waniambia nirudi baada ya Ijumaa, ukaangalie vitabu. La leo umelijibu maji hayajatulia. Ulikuwa umekwisha kuulizwa?"

"Jibu ni moja," baba alisema, "niwe nimeulizwa jana au leo."

Hilo halikuwa jibu, na kila mtu aliyekuwapo alijua. Mimi nilijua zaidi, kwani ndimi niliyepika kahawa.

Siku chache kabla ya hapo, baada ya alasiri, bwana afya na karani wake walikuja kukaa na baba barazani kwetu. Baba hakuwa mtu wa kukaribisha watu wa serikali. Nilipika kahawa na tangawizi nikaipitisha mlangoni kwa mkono, na katika ufa wa mlango nikaona bilauri ya maji imeinuliwa juani, baba ameinama anaitazama kwa makini. Walizungumza kwa sauti ya chini muda mrefu. Walipoondoka, nyanya alimwuliza walitaka nini.

"Maneno ya serikali tu," baba alisema, akaanza kuuliza habari za samaki.

Sasa mambo mawili yalikutana kichwani mwangu, ile bilauri na vile viatu vilivyovuliwa kizingitini. Bwana afya alikuwa amekwisha kuelezwa, na aliyemweleza ni baba. Hukumu ilikuwa imepikwa barazani kwetu kabla ya debe kufika, na sisi sote tulikuwa tumeletewa iliyokwisha kuiva.

Tangu siku hiyo nilianza kumpekua baba yangu kwa macho. Alirudi na kikoi kipya, nikajiuliza kimetoka wapi, ingawa kila mwaka alinunua kikoi kabla ya Ramadhani, na Ramadhani ilikuwa inakaribia. Akicheka, niliona anaficha kitu. Akinyamaza, niliona dhamiri inamsuta. Sikupata ushahidi wowote, na kukosa kwangu ushahidi nako nikakufanya ushahidi, nikisema mtu mwenye elimu hujua kuficha. Nilikuwa nimesomeshwa na yeye mwenyewe kwamba aliyetia udhu akawa na yakini nao, shaka peke yake haimvunjii. Niliyajua maneno hayo kwa udhu. Sikujua kuyatumia kwa baba.

Nyanya alichukua njia yake. Aliweka sinia la udongo mkavu kando ya kitanda, na kila wakati wa sala akatayamamu, akapiga viganja juu ya udongo na kupaka uso na mikono.

"Mama," baba alimwambia kwa upole, "kutayamamu ni kwa asiye na maji. Wewe unayo kisimani."

"Nionyeshe hayo maji."

"Yale pale."

"Yale ni taa," nyanya alisema. "Bado kuwashwa tu."

Baba akatoka kwenda msikitini. Kutoka dirishani niliziona safu zikipungua. Wengine walikuja na udhu wao kutoka nyumbani, wakipita kando ya birika na nguo zimekunjwa kama wanaoruka tope. Wengine hawakuja kabisa. Muuza leso alikuja, akasimama mahali pake pale pale, lakini sala ikiisha hakumpa baba mkono.

Nyanya alikuwa na mdogo wake aliyekuwa akiumwa miguu, akikaa vichochoro viwili juu yetu. Adhuhuri moja alinituma nimpelekee bakuli la mseto. Nikavaa buibui, nikapita njia za nyuma wanazopita wanawake. Nyumba ile ilikuwa na kisima chake, na debe la bwana afya lilikuwa bado halijafika huko. Niliingia uani bila kubisha, kama desturi yetu, nikamkuta baba amechutama kando ya kisima, kanzu imepandishwa, anaosha mguu wa kulia.

Tukatazamana. Mguu wa kushoto ulikuwa bado mkavu.

"Baba," nilisema, na sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka, "birika liko mlangoni kwako."

"Naam."

"Uliwaambia watu yafaa."

"Nilisema kweli. Yafaa."

"Basi mbona uko hapa?"

Aliiweka kata chini. Nilidhani atanikemea, kwani sikuwahi kumwuliza baba yangu kitu kwa namna ile. Badala yake aliketi juu ya ukingo wa kisima, mguu mmoja umelowa, mmoja mkavu, akaniashiria nikae.

"Wajua nilichokiona katika ile bilauri?" alisema. Alijua, basi, kwamba nilichungulia. "Vijidudu vidogo vyeusi, vyapinduka. Yule bwana alisema, hivi ndivyo vitakavyokuwa mbu, na mbu ndio waletao homa. Akaniuliza, nikitia mafuta, nitaharibu maji yenu ya ibada? Nikamwambia, nipe siku nitazame. Nikamwambia pia kwamba pale msikitini hapaingiwi na viatu."

"Mbona hukutwambia?"

"Niliogopa mngesema haya mliyoyasema."

Nikaketi, bakuli la mseto magotini. Alikuwa anatazama ndani ya kisima, si mimi.

"Sikiliza, mama. Mama yako alikufa kwa homa katika nyumba ile, kando ya kisima kile. Miaka yote nimesema ni siku zake alizoandikiwa, na ni siku zake kweli. Lakini yule bwana alipoinua ile bilauri, nilitaka kuviua vile vijidudu kwa mikono yangu. Nikaenda kufungua vitabu hali najua ninachotaka kukikuta. Na nikakikuta. Kimo vitabuni, sikukitunga. Wanavyuoni wamekisema wazi. Lakini tangu hapo sijui, je, nimewapa watu neno la vitabu au nimewapa machungu yangu? Sala za watu sina shaka nazo. Nina shaka na huyu aliyesema. Basi nikaja hapa kutia udhu wangu, ili sala yangu mwenyewe iwe mbali na matakwa yangu."

Nilikuwa nimekuja pale na shaka ya rushwa. Nikaona aibu, lakini hasira ilikuwa haijaniisha.

"Nao wanaosimama nyuma yako?" nikauliza. "Wakijua kwamba maji uliyowapa mwenyewe wayakimbia, watasema nini?"

Baba aliinuka. Kisha akachukua maji yaliyobaki katika ndoo, akayamwaga kwenye mgomba uliokuwa pale uani, akashusha kanzu yake, akaondoka bila kumaliza udhu.

Alasiri ile nilikuwa dirishani kabla ya adhana. Nyanya alikuja akakaa kando yangu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Watu walipoanza kuingia, baba alisimama kando ya birika akawaomba wamsikilize. Akawaeleza yote. Akasema bwana afya alikuja barazani kwake kabla, naye akawaficha. Akasema alikuwa akitia udhu kwenye kisima cha watu wengine. Akamtaja na mama yangu, si kwa jina, akasema tu "mke wangu," akaelekeza mkono kwenye kisima cha uani kwetu.

"Sala zenu hazina ila," alisema. "Hukumu ni ile ile, si yangu, ni ya waliotutangulia katika elimu. Doa lilikuwa moyoni mwangu, na nilikosea kulificha. Anayeona uzito kusali nyuma yangu, aende msikiti mwingine, sitamwekea kinyongo."

Kisha akapiga magoti, akayasukuma mafuta kando kwa kiganja, akatia udhu wake hapo mbele ya macho ya watu wote, kiungo kwa kiungo, bila haraka.

Muuza leso alisema, "Sasa najua kwamba ulikaa nao. Bado sijajua ulikula nini kwao."

"Wao ndio waliokunywa kahawa yangu," baba alisema.

Baadhi ya watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliinama akachukua viatu vyake akatoka, na wengine kadhaa wakamfuata. Waliobaki hawakufikisha safu mbili. Baba akaingia kusalisha.

Jioni, tulipokuwa tunakula, nyanya alimwambia, "Mkeo hakufa kwa mbu. Alikufa kwa siku zake."

"Yote mawili yaweza kuwa kweli, mama," baba alijibu. "Mwenyezi Mungu akiandika siku, huandika na mlango zitakaoupitia."

"Na ukiuziba mlango?"

"Nikiuziba, huenda huko kuziba nako kuliandikwa."

Nyanya alitafuna polepole. Hakukubali, wala hakulichukua lile sinia la udongo kulitupa. Baba naye aliacha kushindana naye. Alimwita fundi akaweka mfereji wa bati ukingoni mwa dari, ukamwaga maji ya mvua katika mtungi mkubwa uani, mtungi wa nyanya peke yake. Nyanya, kwa kuogopa debe, akaufunika mdomo wa mtungi kwa kitambaa kizito na kukifunga kamba mara nyingi. Bwana afya alipokuja tena, mchukuzi akataka kuufungua. Nyanya alitoka amejifunika, akasimama mbele ya mtungi wake, akasema kwa sauti tuliyoisikia mpaka ghorofani, "Huu hamuugusi!"

Karani akamtafsiria Mzungu. Mzungu akauzunguka ule mtungi, akakivuta kitambaa kidogo kwa kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kitu.

"Asema huu hauna haja ya mafuta," karani alisema. "Mbu hawezi kuingia. Asema lau kila nyumba ingefunga hivi, asingehitaji debe."

Nyanya alimtazama kwa shaka kubwa zaidi kuliko mwanzo. Kwa siku kadhaa alifikiri kukifungua kile kitambaa kwa vile tu Mzungu amekisifu. Mwishowe akakiacha, na akarudi kutia udhu kwa maji.

Watu huniuliza, je, homa zilipungua? Mwaka ule zilipungua Kuze. Mimi sikuumwa, na kabla ya hapo sikukosa homa msimu hata mmoja. Lakini mvua za mwaka ule nazo zilikuwa haba, na madimbwi yalikauka mapema. Siwezi kuapa ni debe. Baba naye hakuapa. Alisema tu alhamdulillahi, na hakumwambia mtu kwamba alikuwa amesema kweli.

Muuza leso naye hakuwa mjinga. Nilikuwa nimekwisha kuolewa, nimerudi kwa baba kujifungua mtoto wangu wa pili, pale yalipokuja maji ya bomba mjini. Haukupita muda, tukaambiwa kisima chetu hakina usalama, kifungwe. Kikawekwa mfuniko. Maji tukawa tunayanunua, kama vile mzee yule alivyosema kwenye ua wa msikiti siku ya kwanza. Baba alikiri hilo mbele ya watu, akasema, "Jirani yangu aliona mbele kuliko mimi." Shaka ya mzee yule ilikuwa na macho. Yangu mimi haikuwa nayo, ilikuwa na njaa tu, ikala kila kilichopita mbele yake, hata kikoi cha Ramadhani. Nimekaa miaka nikiwasomesha wanawake wenzangu mambo ya twahara na udhu, na wakiniuliza habari za wasiwasi, hapo ndipo penye ugumu. Najua kuwaambia wasioshe mkono mara kumi. Sijui kuwaambia ni lini waiamini shaka yao juu ya mtu. Huwaeleza tu habari hii, na huwaacha wafikiri.

Jambo moja najua lilibadilika kwa baba. Hakujibu tena suala lolote siku ile ile, hata liwe jepesi. Kila aliyekuja alimwambia, "Niache kwanza nijue nataka nini." Wengine walimwona amezeeka.

Yale maji ya bomba, siku za mwanzo, yalikuja na rangi ya kutu na harufu ya chuma. Nilikuwa ndani na mtoto nilipomsikia muuza leso anabisha hodi barazani kwetu. Hakuwa amekanyaga pale tangu siku ya birika. Nikasogea mlangoni nikasikiliza.

"Mwalimu, masalkheri."

"Masalkheri, ndugu yangu. Karibu, kaa."

"Nimekuja na suala. Maji haya ya bomba, rangi yake umeiona. Yafaa kwa udhu?"

"Wewe wataka nikujibu nini?" baba aliuliza.

Mzee yule alifikiri. "Wallahi, nataka useme hayafai. Nataka wayarudishe walikoyatoa."

"Nami nataka kusema yafaa," baba alisema, "kwa sababu nimechoka, na kisima kimefungwa. Basi sisi wawili hatuaminiki."

Nikamsikia muuza leso akicheka, kicheko kifupi kama kikohozi. Baba akaniita nimletee miwani yake na vile vitabu vya rafu ya juu. Nilipovipitisha mlangoni waliviweka katikati yao juu ya mkeka, mzee akasogea karibu ili naye aone, na baba akafungua kitabu akaanza kusoma mlango wa maji tangu mwanzo.